Komeo la Upande wa Nje

Yuko mtu aliyemshusha mama yake kutoka milima ya Upare akampandisha ndege, na alifanya hivyo kwa mapenzi. Hilo lisisahauliwe, maana yote yaliyofuata yalianzia hapo.

Mtu huyo aliitwa Mbonea, mzaliwa wa Mbaga, wilaya ya Same. Mwaka 2003 alihamia nchi moja ya kaskazini, nchi ya theluji, ambayo watu wake hupishana ngazini bila salamu. Huko alipata kazi katika nyumba ya kutunzia wazee, na mkewe Namsifu akapata kazi katika kiwanda cha kufungasha samaki. Walipojaliwa mtoto wa pili, hapakuwa na wa kuwalea. Ndipo Mbonea alipomleta mama yake, mjane, jina lake Nakijwa. Bibi huyo aliwasili siku ya Jumamosi, tarehe 5 Septemba 2009, akiwa na umri wa miaka sitini na nane, amevaa makoti mawili juu ya kitenge. Kwenye mzigo wake mlikuwa na tangawizi mbichi kutoka Mamba, jirani na kwao, ambayo watu wa forodha waliichukua wakaitupa mbele ya macho yake. Alimuuliza mwanawe iwapo tangawizi ni kosa katika nchi hiyo. Mbonea alicheka, akamwambia kwamba mengi atayazoea.

Kwa miaka sita nyumba ile ilibebwa mgongoni na Nakijwa, na si kwa maneno tu, kwa sababu mjukuu wake mdogo hakukubali kulala mahali pengine popote. Mbonea alimheshimu mama yake kama alivyofunzwa kwao. Kwao, mtoto haingii chumbani kwa mzazi kabla hajapiga hodi na kuitikiwa, hata kama mtoto huyo ameshaota mvi. Hupiga hodi mara tatu. Akikosa jibu, hurudi alikotoka, maana karibu ni mali ya aliye ndani. Mbonea aliishika desturi hiyo hata katika nyumba ile ya vyumba vitatu, ghorofa ya nne, ambamo kikohozi cha chumba kimoja husikika katika vyote.

Wajukuu walikua. Walianza shule, na lugha ya shule ikaja nao nyumbani. Bibi aliwaita kwa Kipare, wakamjibu kwa Kiswahili. Aliwaita kwa Kiswahili, wakamjibu kwa lugha ya nchi ile. Mwishowe aliwaita, nao wakawa wanatazama televisheni. Kufikia mwaka 2015 hapakuwa tena na mtu wa kubebwa. Nakijwa alishinda peke yake tangu saa mbili asubuhi hadi saa kumi jioni, mbele ya dirisha lililotazama uwanja wa kuegeshea magari.

Mbonea alikuwa mtu wa kushika tarehe. Ukimuuliza siku aliyopata cheti cha kazi au siku binti yake Niwaeli alipong'oka jino la kwanza, alikujibu papo hapo. Ndiyo maana mambo yafuatayo yanajulikana kwa siku zake.

Jumatatu, tarehe 11 Januari 2016, mzee mmoja wa ghorofa ya kwanza alifariki dunia. Nakijwa aliliona jeneza kutoka dirishani. Alijitanda kanga, akavaa viatu, akashuka ngazi zote akishikilia ukuta, akaketi sakafuni mbele ya mlango wa wafiwa, akalia kwa sauti kama anavyoliliwa mtu. Alikaa pale muda wa saa tatu nzima. Katika jengo lile hakuna aliyepata kusikia kilio cha namna hiyo, na mtu mmoja aliwapigia simu polisi. Mbonea aliitwa kutoka kazini. Alimkuta mama yake amezungukwa na askari wawili warefu, naye anawapa pole mmoja baada ya mwingine, akidhani ni wana wa marehemu.

"Mama, watu hawa hawakujui," Mbonea alimwambia.

"Na mimi siwajui," alijibu Nakijwa. "Ndiyo maana sikuingia ndani. Matanga ya nisiowajua nayakalia mlangoni."

Mbonea hakujua acheke au alie. Jioni hiyo alivichukua viatu vya mama yake akavifungia katika kabati lake mwenyewe. Sababu yake ilikuwa njema: ngazi zilikuwa na barafu, na nyonga ya mtu wa umri ule ikivunjika haiungi.

Alhamisi, tarehe 20 Oktoba mwaka huohuo, Nakijwa aliinjika makande. Aliinjika sufuria ya watu tisa, kwa kuwa hakujua kupika ya mtu mmoja, kisha usingizi ukampitia kitini. Makande yaliungua, kengele ya moto ikalia, na wakazi wa ghorofa zote nne wakasimama nje kwenye mvua na nguo zao za nyumbani. Mwenye jengo aliandika barua fupi kwamba jambo hilo likirudiwa, familia itafute makao mengine. Mbonea alitia kufuli mlango wa jikoni. Sababu hiyo nayo ilikuwa njema, kwani mlikuwa na watoto wachanga katika jengo lile.

Jumapili, tarehe 5 Machi 2017, Nakijwa alimwambia kaka yake wa Mbaga, kwa simu, kwamba mchana huwa na njaa. Kabla ya jua kutua, simu nne zilikuwa zimeingia kutoka kwa wajomba. Mbonea alieleza kwa upole kwamba mama huachiwa mkate na chai, ila husahau kama amekula. Huenda ilikuwa kweli. Hata yeye hakuwa na hakika. Tangu siku hiyo simu ya nyumbani ilishikwa na Mbonea mwenyewe, akiiweka kwenye sikio la mama yake na kuiondoa atakapo. Huko Mbaga waliendelea kumsifu. Walimtaja kanisani kuwa ndiye mwana aliyemchukua mama yake akaishi naye Ulaya, ilhali wengine huwatumia mama zao kanga na picha.

Kisha Nakijwa akaanza kuzunguka nyumbani mchana kutwa. Alijaribu mlango mmoja baada ya mwingine, na alipoona haufunguki aligonga ukuta kwa kiganja, akiuliza kama kuna mtu. Majirani walilalamika. Jumanne, tarehe 3 Oktoba 2017, Namsifu alimwambia mumewe: "Baba Niwaeli, chumbani mwake tu. Siku mbili, mpaka tupate mtu wa kushinda naye." Mbonea alikwenda dukani akanunua komeo la chuma lenye skrubu nne, akalifunga kwenye mlango wa mama yake kwa upande wa ukumbini. Ndani waliweka ndoo yenye kifuniko, chupa ya chai, na mkate juu ya stuli. Siku mbili zilipita. Mtu wa kushinda naye hakupatikana, na baada ya muda hakutafutwa.

Mbonea hakuwa mtu katili. Kule kazini aliwanywesha wazee wa watu maji kwa kijiko, akaandika kila mmoja alikunywa kiasi gani. Aliwageuza kitandani kila baada ya saa mbili ili migongo isichubuke. Yuko bibi mmoja aliyekataa kula mpaka Mbonea aketi karibu yake, na wanawe walipokuja kumtembelea walimshukuru Mbonea kwa machozi. Alirudi nyumbani mikono haina nguvu. Alisukuma komeo, akachukua ndoo, akaimwaga, akairudisha, akauliza, "Mama, umekula?" na hakusubiri jibu, maana mkate ulikuwa pale na aliuona kwa macho yake umeliwa au haukuliwa.

Jumatatu, tarehe 16 Aprili 2018, alipewa jukumu la kuwafundisha wafanyakazi wapya sita. Kanuni mojawapo ilisema kwamba mlango wa mzee usifungwe kamwe kutoka nje. Kijana mmoja katika wale sita aliuliza kwa nini, ikiwa mzee mwenyewe ana vurugu na anaweza kujiumiza.

"Kwa sababu," Mbonea alijibu, "mzee anayefungiwa husahau kwanza mlango, halafu hujisahau yeye mwenyewe."

Lilikuwa jibu zuri, na msimamizi wake aliitikia kwa kichwa, ameridhika. Jioni Mbonea alifika nyumbani, akasukuma komeo kama siku zote. Mkono wake ulikuwa bado umekishika chuma alipopatwa na hali ya mtu aliyeingia chumbani akasahau alichofuata. Alisimama. Aliona kuwa kuna jambo lililotaka kukutana na jambo jingine ndani ya kichwa chake, na mambo hayo mawili hayakukutana. Alijiambia kwamba kule ni kazini na huku ni nyumbani. Kule ni wazee. Huyu ni mama. Maneno hayo yalimtuliza, ijapokuwa hakuelewa ni kwa namna gani.

Sasa, Nakijwa alikuwa na mdogo wake, na mdogo wake alikuwa na binti aitwaye Nanzia. Huyo naye alihamia nchi ileile, akaishi katika mji wa bandari, mwendo wa saa tano kwa treni, na hakuwahi kufika kwa Mbonea. Jumapili, tarehe 24 Juni 2018, alifika. Alikuwa amepiga simu siku mbili kabla, na kwa siku hizo mbili Mbonea hakula vizuri. Mama yake alikuwa amekonda kiasi cha kwamba pete ya ndoa ilifungwa kwa uzi isimtoke kidoleni. Nanzia akimwona hivyo, habari ingefika Mbaga kabla yeye hajapanda treni ya kurudi. Mbonea aliamua kusema kwamba mama amelala, hajisikii vizuri, asisumbuliwe.

Nanzia aliingia na mfuko wa viazi vitamu na sauti iliyojaza nyumba nzima.

"Kaka Mbonea! Umenenepa wewe! Kumbe huko kwa wazee wa watu mnapakua na cha kwao?"

"Tunaonja chumvi tu," Mbonea alisema, na watu wote walicheka, hata watoto, ambao hawakuelewa vizuri.

"Na mama mkubwa yuko wapi nimpe shikamoo yangu? Nimeibeba saa tano kwenye treni."

"Amelala. Hajisikii vizuri leo."

"Basi nitamsubiri. Mimi sina haraka, tumbo ndilo lenye haraka. Wifi Namsifu, kuna nini jikoni?"

Walikula. Nanzia alisimulia habari za arusi na za misiba ya nyumbani, na Mbonea aliitikia kila habari huku sikio lake likiwa ukumbini. Hakusikia kitu. Alianza kuamini kwamba mama yake amelala kweli. Ndipo Nanzia alipoinuka kwenda kunawa mikono.

Njia ya bafuni ilipita mbele ya mlango wa Nakijwa. Nanzia hakukusudia kumwamsha mgonjwa. Lakini alikuwa mtoto wa Mbaga, na kupita mlangoni kwa mama mkubwa kimya kimya, kama mwizi, hakukumwezekana. Alisogea karibu akasema kwa sauti ya chini, sauti ambayo aliye macho huisikia na aliyelala humpita:

"Hodi."

"Karibu," sauti iliitika mara moja.

Nanzia alifurahi. Alishika kitasa akakizungusha. Mlango haukusogea. Alidhani mzee amejifungia mwenyewe, kama wafanyavyo watu wazima wanapopumzika. "Mama mkubwa," alisema, "ni mimi Nanzia, wa mdogo wako. Nifungulie nikuone."

Sauti iliyotoka ndani haikuwa na kilio wala lawama. Ilikuwa sauti ya mwenyeji anayemwelekeza mgeni asiyeijua nyumba.

"Karibu ndani, mwanangu. Komeo liko upande wako."

Nanzia alitazama akaliona. Lilikuwa usawa wa kifua chake, na rangi ya mlango kulizunguka ilikuwa imechubuka kwa mguso wa kila siku. Hakuligusa. Aligeuka, na Mbonea alikuwa amesimama mwisho wa ukumbi, mkononi ana kitambaa cha kufutia meza. Nanzia alijiegemeza ukutani, akaiacha nafasi ya mbele ya mlango wazi, akangoja.

Mbonea alisogea. Mkono wake uliijua kazi yake, ulishainuka. Lakini mbele ya macho yale mkono uliona haya ukashuka. Akakumbuka kwamba pana neno linalotangulia mkono. Alijaribu kukumbuka lini alilisema neno hilo mara ya mwisho mbele ya mlango huu. Yeye aliyeshika tarehe zote aliitafuta tarehe hiyo na hakuiona. Haikuwa na siku ya juma, haikuwa na mwezi, haikuwa na barua ya mwenye jengo wala simu ya wajomba.

"Hodi," alisema.

Hakuna aliyejibu.

"Hodi, mama."

Ndani palikuwa na sauti ya mtu anayeketi vizuri kitandani, kisha kimya. Alikuwa macho. Alikuwa amemsikia.

"Hodi."

Mara ya tatu ilipita, na Mbonea akasimama pale, hajui la kufanya. Desturi ilimtaka arudi alikotoka, kwa maana aliye ndani amemnyima karibu, naye anayo haki ya kumnyima. Lakini akirudi, anamwacha mama yake gerezani kwa jina la heshima. Na akifungua na kuingia, anaingia kama alivyoingia jana na juzi, kama mtu anayeingia ghalani. Hakuiona njia ya tatu. Namsifu alikuja akasimama nyuma yake, na kule sebuleni watoto walizima televisheni bila ya kuambiwa.

Hatimaye Mbonea alilisukuma komeo mpaka mwisho, taratibu, likalia. Hakugusa kitasa. Alirudi nyuma hatua mbili, akaketi sakafuni mbele ya mlango wa mama yake, akakaa.

Zilipita dakika kumi na tano. Kisha kitasa kilizunguka. Nakijwa alitoka akishikilia ukuta, amejifunga kanga mbili, nywele zake zimesimama upande mmoja kwa kulaliwa. Nanzia alimpigia magoti akampa shikamoo, naye bibi akaipokea. Mbonea naye, pale chini alipokuwa, alimpa shikamoo. Akaipokea hiyo pia, kwa sauti ileile, kama mtu anavyopokea shikamoo ya mtoto wa jirani.

"Nanzia," alisema, "kwako kuna nafasi?"

"Ipo, mama mkubwa. Finyu, lakini ipo."

"Basi twende tukabanane."

Namsifu alileta koti na viatu vyake mwenyewe akamvalisha, akilia. Mbonea alisema mengi wakati huo. Alisema habari za barafu, za moto, za majirani, za barua, za siku mbili zilizokusudiwa kuwa mbili. Hakuna neno la uongo katika aliyoyasema. Mama yake alimsikiliza mpaka mwisho, mkono wake juu ya bega la Nanzia, na uso wake ulikuwa wa mtu anayetaka kwa dhati kuelewa, na haelewi. Kisha walishuka ngazi, polepole, wakipumzika kila ghorofa.

Jioni ileile Mbonea alilifungua lile komeo, skrubu nne, akalitupa. Kesho yake alikwenda kazini akawanywesha wazee wa watu maji, wala hakuna aliyeona tofauti. Lakini tangu hapo huketi peke yake siku za mapumziko akazipitia tarehe zake, ile ya viatu, ile ya makande, ile ya simu, ile ya komeo. Kila moja ina sababu, na kila sababu angeweza kuitetea mbele ya hakimu na mbele ya mchungaji. Anaijua siku mama yake alipoingia katika nyumba ile, na anaijua siku alipotoka. Iliyo katikati ndiyo asiyoiona, hata akihesabu vipi.

Basi nanyi mnaosikia, mnaoishi na wazazi katika nyumba zenu na mlio na sababu zenu njema: mama yule alifungiwa tarehe ngapi?